Kihispania cha watu wawili-wawili: kabla hujamwita mkeo "mi amante", pita hapa

Msafiri wa Maneno (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina mwaka wa tatu sasa nahangaika na Kihispania, na kilichonisumbua kuliko hata vitenzi ni maneno ya watu wawili: mke, mume, mchumba, mpenzi, mwenzi, jozi, pacha. Kwa juu juu unaona ni kazi ya jioni moja. Mimi yalinichukua miezi, na bado kuna siku yananipiga chenga.

Nianze na aibu yangu ili nanyi msiogope kutoa za kwenu. Mwezi wa nne wa masomo, mwalimu wa mtandaoni aliniomba nimtambulishe mtu ninayeishi naye. Mke wangu akaja mwenyewe mbele ya kamera, anapunga mkono. Usiku uliotangulia nilikuwa nimepekua kamusi nikakutana na *amante*. Nikaona limetoka kwenye *amar*, kupenda, nikajiambia mpenzi ndiye huyu. Nikatamka kifua mbele: "Esta es mi amante." Mwalimu akanyamaza. Kisha akauliza taratibu: "¿Y tu esposa lo sabe?" Yaani, na mke wako anajua?

*Amante*, wakuu, ni mchepuko. Na ana ndugu yake, *querida*. Likiwa mwanzoni mwa barua halina shida: "Querida Ana" ni "Mpendwa Ana". Ila ukiligeuza nomino ukasema "tengo una querida", umetangaza kwamba una nyumba ndogo. Hakuna herufi iliyobadilika hapo, neno limehama kiti tu.

Neno la kukuokoa ni *pareja*. J yake itamke kama kh ya kheri, mswaki wa koo kidogo. Lina maana mbili kwa mpigo: watu wawili walio pamoja, na pia mmoja wao. "Somos pareja" ni sisi ni wapenzi. "Mi pareja" ni mwenzi wangu. Halisemi kama mmefunga ndoa au mnaishi tu, wala halisemi mwenzi ni mwanamume au mwanamke. Hilo la mwisho kwetu si ajabu, maana mwenzi, mpenzi na mchumba hayana jinsia. Kwao karibu kila neno lingine linakulazimisha uchague: *novio* au *novia*, *esposo* au *esposa*, *compañero* au *compañera*. Ukifungua mdomo tu umeshataja jinsia ya mwenzako, utake usitake.

Pareja lenyewe kisarufi ni la kike siku zote, hata mwenzi akiwa na ndevu hadi kifuani. "Luis es mi pareja", kamwe si "mi parejo". *Parejo* lipo, ila ni kivumishi cha kitu kilicholingana sawasawa. Tena ni umoja: sisi tunasema wapenzi wale wamechoka, wao wanasema "la pareja está cansada". Kitenzi cha umoja, kivumishi cha kike, na Luis na ndevu zake yumo humo humo.

Nitaendelea. Tupieni maswali, tupieni na aibu.

Kijiko

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Hiyo "na mke wako anajua" imenimaliza.

Swali: *novio* ni mchumba au bwana harusi? Nimeona yote mawili nikadhani kamusi imekosea.

Msafiri wa Maneno

Kamusi iko sawa. *Novio* au *novia* anaanza mnapoanza kutoka pamoja, anaendelea wakati wa uchumba, na siku ya harusi bado ni yule yule: gauni la bibi harusi ni *vestido de novia*, na wageni wanapaza sauti "¡Vivan los novios!" hata kama mmeshafunga ndoa nusu saa iliyopita. Ukitaka kubana maana, mchumba ambaye ahadi imeshawekwa ni *prometido* au *prometida*, yaani aliyeahidiwa.

Ukivuka mipaka maneno yanabadilika. Chile mpenzi wako ni *pololo* au *polola*, na wana hadi kitenzi, *pololear*. Pololo huyo huyo ni jina la mdudu anayevuma akiruka, na atakayewahi kuzungukwa na kijana aliyependa ataelewa. Peru utasikia *enamorado*. Na kamusi ya Real Academia Española, toleo la 23 la mwaka 2014, ilipokea neno *amigovio*, amigo na novio vimegandishwa pamoja. Sisi hapo bado tunasema "ni rafiki yangu tu" huku tunatazama chini.

Mpita Njia

Mnajitesa. Mtu aseme *mi amor*, imekwisha hiyo.

Mama Nukta

Mpita Njia, mi amor haiandikwi kwenye fomu.

Mleta uzi umenifungulia. Yangu ni hii. Niliandika insha fupi kuhusu rafiki aliyeolewa. Kwetu mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kitenzi kinakuambia nani ni nani kabla hata hujataja majina. Basi kichwani nina "Ana aliolewa na Luis", nikaigeuza neno kwa neno: "Ana fue casada por Luis." Insha ikarudi na duara jekundu na swali pembeni: kwani Luis ni padri?

Kumbe nilichoandika ni kwamba Luis ndiye aliyemfungisha Ana ndoa na mtu mwingine ambaye hata sikumtaja! *Casar* peke yake ni kazi ya padri au msajili: "los casó el padre", padri aliwafungisha. Wanaofunga wenyewe wanatumia *casarse*, na hapo hakuna aliye juu wala chini: "Ana se casó con Luis", "Luis se casó con Ana". Kuoa hakuna, kuolewa hakuna, kuna kuoana tu. Na kiungo ni *con*. Si *por*, si *a*. Con.

Msafiri wa Maneno

Mama Nukta, shikamoo. Hilo kosa ni letu kabisa, hata sijui kama kuna wanafunzi wengine wanaolifanya. Limeniuma kwa sababu nami nimewahi kulifanya, basi tu hakuna aliyeniuliza habari za padri.

*Casarse* lina *casa* ndani yake, nyumba. Wana na methali: "El casado casa quiere", aliyeoa anataka nyumba yake. Tusiwacheke, kwetu kijana akioa tunasema amepata jiko.

Kijiko

Kwa hiyo *estoy casado* ni nimeoa, na *estoy cansado* ni nimechoka? Tofauti n moja?

Mpita Njia

Ukiongeza n ya ndoa juu ya ndoa unapata uchovu. Sasa nimeanza kuipenda hii lugha.

Msafiri wa Maneno

Mpita Njia umerudi, karibu ukae.

Mama Nukta ametaja kuoana, na hapo ndipo pananoga. Sisi tuna *-ana* na tuna *-ji-*. Wanapendana na wanajipenda ni mambo mawili, hata mtoto hachanganyi. Kihispania kina *se* moja inayofanya kazi zote mbili. "Ana y Luis se quieren": wanapendana, au kila mmoja anajipenda kivyake? Mara nyingi sentensi yenyewe inajibu. "Se besan", wanabusiana, maana hakuna anayejibusu. "Se abrazan", wanakumbatiana. Lakini "se miran", je, wanatazamana au kila mmoja anajitazama kwenye kioo? Penye utata wanaongeza *el uno al otro*, mmoja kwa mwenzake.

Hiyo *al* ya katikati ndiyo iliyoninyima usingizi. Niliikariri kama kipande kimoja kisichogawanyika, kumbe katikati pale kuna kiungo, na kiungo kinafuata kitenzi. Kuamini ni *confiar en*, kwa hiyo wanaaminiana ni "confían el uno en el otro". Kuzungumza ni *hablar con*, kwa hiyo "hablan el uno con el otro". Wakiwa wanawake wawili, "confían la una en la otra". Sisi tunabandika silabi mbili mwishoni mwa kitenzi tunaendelea na safari.

Ila msivunjike moyo. Kila mtu aliyewahi kuaga kwa "nos vemos" ameshaitumia. Nos vemos ni tutaonana, na -ana yake iko pale pale.

Karatasi Nne

Mimi Kihispania nilikiingia kupitia karata, na naona hakuna aliyegusa upande huo.

Anayecheza karata kwa Kiswahili tayari ana nusu ya maneno. Kopa, shupaza, uru na pau tulizipata kwa Wareno; Mhispania ana *copas*, *espadas* na *oros*, pau tu ndiyo anaiita *bastos*. Hispania kuna mchezo unaitwa *mus*. Watu wanne, wawili dhidi ya wawili, wenzi wanakaa wakitazamana. Mwenzi wako wa mchezo ni *pareja* vile vile, hata akiwa mtu usiyemsalimia nje ya meza. Na ndani ya mchezo kuna raundi ya *pares*, mnapopambana nani ana karata zinazofanana.

Tena kwenye mus kupeana ishara na mwenzako si wizi, ni sehemu ya kanuni, ila ziwe ishara zinazokubalika tu. Uking'ata mdomo wa chini unamwambia una wafalme wawili. Ukitoa ncha ya ulimi, una ree mbili. Kazi ni kuifanya wakati wapinzani wanaangalia kwingine. Mara ya kwanza kucheza niling'ata mdomo kwa wasiwasi tu, mwenzi wangu akapandisha dau kwa wafalme ambao sina. Hakunisemesha hadi mchezo unaisha.

Pale mezani ndipo nilipopata tofauti ya *par* na *pareja*. Viatu ni *un par de zapatos*, soksi *un par de calcetines*. Watu, ndege, wacheza dansi ni *pareja*. Kitu hakina pareja, kina par, ingawa kiatu kilichobaki kimoja wanaweza kusema kimepoteza *su pareja*, na mimi hapo hukionea huruma kama binadamu.

Msafiri wa Maneno

Karatasi Nne, bandiko la karne hili.

Niongezee par kidogo. *Un par de días* si lazima ziwe siku mbili kamili. Ni kama siku mbili tatu zetu. Fundi akikuambia "un par de días" usikae mlangoni siku ya tatu. Kwenye hesabu, *números pares* ni namba shufwa na *impares* ni witiri. *Sin par* ni asiye na kifani. Na nayoipenda mimi ni *de par en par*: mlango uliofunguliwa wazi kabisa, mabawa yote mawili yamekwenda ukutani. "Abrió la puerta de par en par." Unauona mlango.

Vitu vyenye pande mbili vinasemwa kwa wingi hata kikiwa kimoja: *las tijeras* ni mkasi, *los alicates* ni koleo, *las gafas* ni miwani. Ukitafuta mkasi mmoja unauliza "¿dónde están las tijeras?", ziko wapi. Nimemaliza hapo, hakuna cha ajabu zaidi.

Chanda na Pete

Jina langu linanilazimisha nichangie. Sisi marafiki wasioachana ni chanda na pete. Wao ni *uña y carne*, ukucha na nyama. Nikilinganisha, pete huvuliwa. Ukucha jaribu uone.

Kuna na "cada oveja con su pareja", kila kondoo na mwenzake, ndiyo ndege wafananao huruka pamoja. Mpenzi wa moyo ni *media naranja*, nusu chungwa. Sisi tunasema ubavu wangu. Mapacha nao wana vituko. *Gemelos* kwa mazungumzo ya kawaida ni wale wanaofanana kama shilingi kwa ya pili, na *mellizos* ni wasiofanana. Lakini gemelos pia ni vifungo vya mikono ya shati, na mashavu ya miguu, na darubini ya macho mawili. Rafiki aliniambia "me duelen los gemelos", nikampa pole kwa watoto kuugua. Alikuwa ametoka kukimbia. Meksiko pacha ni *cuate*, neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa huko, na cuate huyo huyo ni swahiba wako.

Halafu mleta uzi umeiruka *esposas*. Kwa umoja, mke. Kwa wingi, wake, na pia pingu za polisi. Sisemi kitu.

Mpita Njia

Sema tu.

Msafiri wa Maneno

Haha, wote wawili wametoka kwa kitenzi cha Kilatini cha kuahidi kwa kiapo, ndiyo maana. Aliyeapa amefungwa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kufungwa, *cónyuge*. Hili ndilo la kwenye fomu na sheria, kama mwenza wetu wa kiofisi. Mkazo uko mwanzoni, ndiyo kazi ya alama ile juu ya o. Maneno mengine mengi tuliyotaja, kama *pareja*, *novio*, *esposo*, mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili, hayasumbui ulimi. Faida yake cónyuge halibadiliki: *el cónyuge*, *la cónyuge*. Ndani yake kuna *con*, pamoja, na *iugum* ya Kilatini, nira. Cónyuge wako ni yule mliyefungwa naye nira moja, kama ng'ombe wa kulima.

Na hapa naomba mnivumilie, maana hiki kipande ndicho kilichonifanya nisiache lugha hii. Isabel wa Castilla na Fernando wa Aragón walioana Valladolid mwaka 1469. Kila mmoja alikuwa na nembo. Ya Fernando ilikuwa nira, *yugo*. Ya Isabel ilikuwa fungu la mishale, *flechas*. Zama zile jina la malkia liliandikwa Ysabel. Haya, tazameni herufi za mwanzo. Yugo, Y ya Ysabel, kaibeba mume. Flechas, F ya Fernando, kaibeba mke. Nembo hizo bado zimechongwa kwenye mawe ya majengo yao. Na wawili hao wanaitwa *los Reyes Católicos*.

Sasa angalia hilo *Reyes*. Kwenye karata za Karatasi Nne, *dos reyes* ni wafalme wawili kweli. Kwenye historia na habari, *los reyes* ni mfalme na malkia wake. Wingi wa kiume unawabeba wote: *los padres* ni baba na mama, *los abuelos* babu na bibi, *los suegros* wakwe wote wawili, *los esposos* mume na mke. Mwanzoni nilipoambiwa "mis padres viven lejos" nilidhani kijana ana baba wawili.

Mama Nukta

Umesema wakwe. Wifi je?

Msafiri wa Maneno

Hakuna. Wifi, shemeji, mwamu, wote wanaingia *cuñado* au *cuñada*, kinachoangaliwa ni jinsia ya anayetajwa tu, si ya anayetaja. Wao wanatushinda sehemu moja: wana *consuegros*, jina la wazazi wa upande huu kwa wazazi wa upande ule. Na Hispania ukimwita mtu cuñado kwa kejeli unamaanisha mjuaji wa kila kitu, yule wa kukuelekeza namna ya kuendesha gari ukiwa umeshafika.

Nilisahau: *matrimonio* ni ndoa, na pia ni mume na mke wenyewe. "Un matrimonio mayor" ni mtu na mkewe wazee. Kitanda cha watu wawili Hispania ni *cama de matrimonio*, na hakuna anayekuomba cheti.

Kijiko

Wakuu, mimi nina dharura. Kuna dada tunafundishana, yeye ananipa Kihispania mimi nampa Kiswahili, sasa ni miezi mitano. Nimwandikie *te quiero*? Kamusi inasema *querer* ni kutaka. "Nakutaka" naona ni makali.

Msafiri wa Maneno

Kwetu ni makali, kwao ni laini. *Te quiero* mtu anamwambia hadi mama yake na rafiki. *Te amo* ndilo zito, hasa Hispania, wengi hulitunza. Ila kwa hatua uliyopo anza na *me gustas*. Zuri zaidi ni kwamba wewe hutahangaika na muundo wake: mtendaji ni yeye, si wewe. Gustas ni u-na-pendeza, me ni -ni-. Unanipendeza. Usije ukaandika "yo gusto tú", utaharibu.

Mama Nukta

Na umsome kwanza kama naye anaelekea huko, mwanangu. Sarufi haisaidii kila mahali.

Kijiko

Nimeandika. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Amejibu: "Y tú a mí, gordo." Yaani nawe unanipendeza, gordo.

Gordo nimeangalia ni mnene. Mimi nina kilo 60 nikiwa nimelowa. Ameona picha ya nani?

Chanda na Pete

Hujanenepa ndugu yangu, umebembelezwa. *Gordo* na *gorda* ni majina ya mapenzi, Argentina utayasikia kutwa, hata kwa mtu mwembamba kama uzi. Yako pamoja na *cariño*, *cielo*, *mi vida*. Mwambie asante.

Mpita Njia

Kijiko. Na mke wako anajua?

Kijiko

*Ni casado ni cansado*, mkuu. Sijaoa wala sijachoka.